Jeshi Lisilopakwa Rangi

Ulaya kuna watu wazima wanaokesha wakipaka rangi askari wa Napoleon wenye kimo cha milimita 28, kifungo kwa kifungo, ili wapiganishe upya vita vya Waterloo mezani. H. G. Wells aliuandikia mchezo wa namna hiyo kanuni mwaka 1913. Mwaka uliofuata, vita vya kweli vikaifikia nchi yetu, wakati huo koloni la Wajerumani.

Siku hizi vita hivyo navyo vimepanda mezani: askari wadogo wa von Lettow-Vorbeck wanauzwa, kofia, bunduki na yote. Siwadharau wapakaji hao; kwa usahihi wa sare wanawapita waandishi wengi wa vitabu vya shule. Ila sare ndiyo inayowapotosha. Novemba 1917 jeshi hilo lilivuka Ruvuma pale Ngomano, mashariki ya Tunduru, likaingia Msumbiji. Risasi na unga vilivuka mabegani na vichwani mwa wapagazi, wanaume na wanawake, ambao hawakuwa na sare ya kupakwa. Kwa upande wa Waingereza pekee, wapagazi waliofariki wanakadiriwa kufikia 95,000, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa.

Sanamu ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, inawataja wapagazi katika maandishi yake. Aliyechongwa, hata hivyo, ni askari mmoja mwenye bunduki. Wapagazi wamebakiziwa soko: Kariakoo, jina lililotokana na Carrier Corps, kikosi chao.