Mpimbwe 1880: Waliohesabiwa na Wasiohesabiwa

Ndugu msikilizaji, ukitoka Mpanda mjini ukashika njia ya kusini, ukapita Sitalike na kukatiza Hifadhi ya Katavi, unaingia nchi ya Wapimbwe. Wasafiri wengi husimama kutazama viboko, kisha huendelea na safari zao. Ni wachache wanaojua kwamba mwezi Juni 1880 mji mmoja wa nchi hiyo ulishambuliwa, na habari za shambulio hilo zikafika Unguja, London na Brussels.

Kwa nini mji uwe na boma? Miaka ile, kuanzia Unyamwezi hadi Ukonongo na Mpimbwe, watu walijenga nyumba zao ndani ya ua wa magogo yaliyokitwa ardhini. Pembe za ndovu zilikuwa zikipanda bei pwani, na bunduki na baruti zilikuwa zikiingia bara kwa wingi. Ndugu wawili wakigombea kiti cha utemi, aliyeshindwa hakukaa kimya. Alikimbilia kwa jirani mwenye bunduki kuomba msaada, na jirani hakutoa msaada bure. Hivyo ugomvi wa ukoo mmoja uligeuka kuwa vita vya nchi nzima, na vijana wasiokuwa na kwao wakawa ruga-ruga, wanaoishi kwa kuteka.

Aliyefahamu siri ya mambo hayo kuliko wote alikuwa Mtemi Mirambo wa Urambo. Mwaka 1871 aliingia vitani na Waarabu wa Tabora, na njia ya Ujiji ikafungwa. Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alilazimika kuzunguka kusini na kupita Ukonongo. Mirambo alijua kwamba mwenye njia ndiye mwenye ushuru, na mwenye ushuru ndiye mwenye baruti.

Sasa hapo wakaingia wageni. Mwaka 1879 Mbelgiji Cambier alianzisha kituo Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa niaba ya chama cha Mfalme Leopold wa Pili. Mwaka huohuo Mfalme huyo aligharimia tembo wanne waliofugwa India, wakashushwa Msasani, mahali ambapo leo ni mtaa wa Dar es Salaam. Nia ilikuwa kuona kama tembo wanaweza kuchukua nafasi ya wapagazi. Msafara uliongozwa na Frederick Carter. Tembo mmoja alifia Mpwapwa, wengine wakafa baadaye, na Desemba 1879 ni mmoja tu aliyefika Karema.

Mwezi Juni mwaka uliofuata Carter aliondoka Karema kurudi pwani, pamoja na Mwingereza mwenzake Cadenhead na wapagazi wao. Walifika Mpimbwe wakati mbaya. Majeshi ya Mirambo, yakishirikiana na Simba, mtawala wa Usavira, yaliushambulia mji wakiwa humo. Wazungu wote wawili waliuawa, na pamoja nao wakafa wapagazi na wenyeji.

Mirambo alikana kwamba aliamuru Wazungu wale wauawe. Daktari Southon, mmisionari aliyeishi naye Urambo, alijaribu kumtetea. Haikusaidia. Balozi wa Uingereza Unguja, John Kirk, ambaye hapo kabla alikuwa akitafuta urafiki na Mirambo, aliuvunja. Naye Sultani Barghash alimtuma Lloyd Mathews na askari hadi Mamboya, Usagara. Mirambo alifariki Desemba 1884 bila kuupata tena urafiki ule. Mji mdogo, ambao haukuwa na thamani kubwa kwake, ulimgharimu kuliko miji mikubwa aliyoiteka.

Lakini, ndugu msikilizaji, tazama jinsi habari hiyo ilivyoandikwa. Carter anajulikana, Cadenhead anajulikana. Hata tembo waliandikwa majina yao, na yule aliyefika Karema anajulikana mpaka leo kuwa aliitwa Pulmalla. Je, mpagazi aliyebeba mzigo kutoka Karema na kufa ugenini aliitwa nani? Mama aliyekimbia na mtoto mgongoni ua ulipovunjwa aliitwa nani? Barua za mabalozi hazikuwauliza. Wahenga wanasema wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo. Mpimbwe nyasi ziliumia, na hakuna aliyezihesabu.

Tunalo la kujifunza pia kuhusu sisi wenyewe. Mirambo tunamheshimu, na kambi ya jeshi pale Tabora ina jina lake. Heshima hiyo ni haki yake, kwani alikuwa mtawala hodari. Hata hivyo uhodari wake una upande wa Urambo na upande wa Mpimbwe. Aliyekuwa ndani ya ua ule usiku wa hofu hakumwona shujaa, alimwona adui. Taifa lililokomaa linaweza kusema yote mawili bila kuona haya.

Na tusisahau kwamba majirani walipochoshana kwa vita, mgeni alikuta mlango wazi. Kabla karne ile haijaisha, bendera ya Mjerumani ilikuwa ikipepea juu ya Urambo na Mpimbwe pia, bila kuuliza nani alimshinda nani.

Walimu wa Mpanda na Mlele wanayo kazi hapa. Wazee wa Wapimbwe na Wakonongo bado wana masimulizi ya koo zao, ya nani alikimbilia wapi na nani alirudi. Wapelekeni wanafunzi wakawasikilize, na wakaandike majina. Majina ya Wazungu wawili tunayo tayari.