Tita la Matete: Usaliti na Msamaha katika Filamu Bubu ya Sunrise

Wanafunzi wetu wengi huichukulia tamthilia kuwa maneno ya wahusika tu. Filamu ya Sunrise, iliyoongozwa na Mjerumani F. W. Murnau huko Marekani mnamo 1927, inatulazimu kuisaili dhana hiyo. Ingawa ina muziki uliorekodiwa, wahusika wake hawasemi.

Msuko ni sahili. Mkulima mwenye mke na mtoto ananaswa kimapenzi na mwanamke wa mjini, ambaye anamshawishi amzamishe mkewe ziwani. Ili yeye mwenyewe asizame, mkulima anaficha tita la matete mashuani. Hata hivyo, saa ya kutenda inapowadia, moyo unamlegea. Mke anakimbilia mjini, mume akimfuata. Huko wanashuhudia harusi kanisani. Mume analia, mke anamsamehe. Wakirejea usiku, dhoruba inavuma. Mume analifunga tita lile mwilini mwa mkewe.

Hii ni ishara ya kina. Kifaa kilichoandaliwa kumnusuru muuaji kinamnusuru aliyekusudiwa kuuawa. Badiliko la mhusika linadhihirika kupitia kitendo, bila neno.

Hata hivyo, je, msamaha huu si rahisi mno? Filamu inatokana na hadithi ya Hermann Sudermann iliyochapishwa mwaka wa 1917, ambamo mume anakufa maji. Mwandishi wa mswada, Carl Mayer, alimwacha hai. Kwa maoni yangu, adhabu haikufutwa, bali ilibadilishwa. Mke anapopotea majini, mume anaamini amekufa. Lile alilolitamani limemfika, naye halistahimili. Mke anapatikana hai baada ya mume kuonja uchungu wa njama yake mwenyewe.

Sunrise ilionyeshwa New York tarehe 23 Septemba 1927. Majuma mawili hivi baadaye, tarehe 6 Oktoba, The Jazz Singer iliwaonyesha watazamaji wahusika wakizungumza na kuimba, na katika miaka michache filamu bubu zikafifia Marekani. Mnamo 1929, katika tuzo za kwanza za Oscar, Sunrise ilituzwa kwa upekee na usanii wake. Tuzo ya aina hiyo haikutolewa tena.

Basi tunapofundisha tamthilia, tusiyaruke maelekezo ya jukwaani. Mara nyingi toba ya mhusika imo mikononi mwake kabla haijafika kinywani.