Plai Kumi Ziko Wapi?

Ukiingia duka la matairi Gerezani, Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, swali linalofuata baada ya saizi ni "plai ngapi?" Mwenye Fuso atataja 16, mwenye semi atataja 20, na muuzaji atalipiga tairi ubavuni kwa kiganja ili mteja asikie ugumu wake. Neno hilo ni la Kiingereza, na asili yake ni tabaka la nyuzi lililofichwa ndani ya mpira. Mfasiri mwenye haraka ataandika basi "tairi la matabaka 20" na kuendelea na kazi yake. Neno atakuwa amelipatia, tairi amelikosea.

Lichane tairi la semi la waya tupu lililoandikwa 20 PR, yaani plai 20. Ubavuni, chini ya mpira, utakuta safu moja tu ya nyaya za chuma, na mikanda michache ya chuma chini ya kashata, yaani mpira unaogusa barabara. Hayo matabaka 20 hayamo. Zamani hesabu hii ilikuwa ya kweli: matairi ya mwanzoni mwa karne ya 20 yaliundwa kwa nyuzi za pamba, na aliyetaka tairi la kubeba zaidi aliongeza safu. Pamba ikaachwa, ikaja rayoni, nailoni, poliesta, kisha chuma. Mwaka 1946 Michelin ilisajili hataza ya tairi la rediali, ambalo nyuzi zake hupita moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo badala ya kukatizana kwa mshazari. Safu zikapungua, nguvu ikaongezeka, lakini hesabu ya pamba ikaachwa palepale kama kipimo cha kulinganisha. Anayesema "plai 10" leo anasema kwamba tairi hili lina nguvu ambayo zamani ingehitaji safu 10 za pamba.

Wamarekani waliona mkanganyiko huo wakaweka herufi: C kwa plai 6, D kwa plai 8, E kwa plai 10. Herufi hizo ndizo ninazopendekeza tuziite *daraja la mzigo*. "Kiwango cha mzigo" hakifai, kwa sababu msomaji atadhani ni zile kilo za juu kabisa ambazo tairi linaruhusiwa kubeba, na hizo huandikwa peke yake ubavuni. Daraja ni neno ambalo dereva wa Tanzania tayari analisoma kwenye leseni yake likiwa na herufi mbele, na anajua kwamba herufi ile inampa ruhusa ya kitu fulani bila kumweleza uzito wa gari lenyewe.

Mahali ambapo tofauti hii inauma ni kwenye tela la kulala, kile chumba chenye kitanda, jiko na choo ambacho familia za Marekani hukivuta kwa pikapu kwenda kambini. Saizi ya matairi yake kwa kawaida huanza na herufi ST, yaani yametengenezwa kwa ajili ya tela. Hayaendeshi wala hayapigi kona kwa usukani, lakini yanateseka kwa namna yake. Tela la ekseli mbili likigeuzwa mahali pembamba, magurudumu huburutwa kando huku mzigo wote ukiwa juu yake, na ubavu laini hauwezi kustahimili hilo kwa muda mrefu.

Chukua mfano wa kawaida kabisa: tela la ekseli mbili, kila ekseli imekadiriwa paundi 3,500, na matairi ni ST205/75R14 ya daraja C. Kila tairi hubeba paundi 1,760, karibu kilo 798. Mawili yanabeba 3,520. Ziada kwa ekseli nzima ni paundi 20, yaani kilo 9, maji yasiyofika nusu ya ndoo ya lita 20. Na mzigo wenyewe haukai sawasawa: friji na jiko vikiwa upande mmoja, tairi la upande huo limeshapita kikomo chake huku karatasi ya mizani ya ekseli ikionyesha kwamba mambo ni shwari. Kwa hesabu hiyo, kumlaumu mtengenezaji wa tairi kila linapopasuka ni kumwonea. Matairi mengine yalishindwa siku tela lilipotoka kiwandani.

Anayebadilisha atashauriwa apande daraja D, saizi ileile. Hapo tairi linabeba paundi 2,040. Lakini sharti lake ni upepo: C hujazwa hadi PSI 50, D hadi 65. (PSI nayo ni paundi, ila ni za mgandamizo, na mafundi wetu hufanya vyema kuziita upepo tu.) Ukilifunga tairi la D kisha ukalijaza 50 kama ulivyozoea, litabeba zile zile 1,760. Umelipa zaidi, umepata mpira mgumu zaidi, na uwezo haukuongezeka hata kilo moja. Kinachobeba tela ni hewa. Daraja linasema tu tairi linaweza kustahimili hewa kiasi gani bila kuharibika. Mfasiri aliyeandika "matabaka" amemficha msomaji jambo hili hasa, maana tabaka lipo hata tairi likiwa halina upepo.

Kutoka hapo maswali yanahamia kwenye vitu ambavyo muuzaji hataji. Rimu ina kikomo chake cha uzito na cha upepo, na mara nyingi kimegongwa nyuma ya rimu, mahali ambapo hapaonekani mpaka uifungue. Kisha kuna vali. Ile ya mpira inayopenyezwa kwa kuvutwa, tunayoiona kwenye magari madogo, kwa kawaida imepimwa hadi PSI 65. Anayepanda daraja E, ambalo hujazwa hadi 80, anahitaji vali iliyopimwa kwa upepo huo, mara nyingi ya chuma yenye nati. Vali ni kitu cha bei ndogo, na ndiyo maana fundi huirudisha ya zamani bila kuuliza.

Wapo wanaofunga tairi la gari dogo, lenye herufi P, kwa kuwa saizi inalingana. Kanuni za Marekani zinataka uwezo wa tairi kama hilo ugawanywe kwa 1.10 linapofungwa kwenye tela, hivyo sehemu ya uwezo ulioandikwa ubavuni inapotea kabla safari haijaanza. Kasi nayo: tairi la ST lisilo na herufi ya kasi kwa desturi huhesabiwa la maili 65 kwa saa, kama kilomita 105. Pikapu inaweza kwenda zaidi ya hapo bila dereva kuhisi lolote, huku nyuma ubavu ukikunjika na kunyooka, joto likipanda hadi kashata zinabanduka.

Lugha ya ubavuni ina jambo jingine linalosaidia. Sheria ya Marekani inamtaka mtengenezaji aandike idadi halisi ya safu na aina ya nyuzi. Kwenye tairi la ST la daraja E ni kawaida kusoma kwamba ubavu una poliesta 2, na chini ya kashata kuna poliesta 2 na chuma 2. Plai 10 na safu 2 zinaandikwa kwenye mpira mmoja, na zote ni kweli, mradi ya kwanza isiitwe tabaka.

Karibu na hapo kuna herufi DOT na msururu unaoishia kwa tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi ya tela huzeeka yakiwa yamesimama juani, na wenye tela wengi huyatoa yakifika miaka mitano au sita hata kashata zikiwa nzima. La akiba, lililofungwa nyuma ya tela na halijawahi kugusa lami, lina tarakimu hizo pia.