Maporomoko ya Sanje na Msitu Uyalishao

Wasikilizaji wetu, wazee wa Kimakonde wana hadithi ya asili yao. Husema kwamba mtu wa kwanza alikaa peke yake porini, akachonga sanamu ya mti, na usiku sanamu ile ikageuka kuwa mwanamke. Wakaenda kukaa kando ya mto Ruvuma, lakini mtoto wao akazaliwa mfu. Wakahamia mahali pa juu zaidi, na mtoto wa pili naye hakuishi. Hata walipopanda uwandani, mtoto wa tatu akapona. Tangu hapo wakaonywa wasijenge karibu na maji makubwa. Hadithi hii iliandikwa na Mjerumani Karl Weule, aliyefika Newala mwaka 1906.

Wenyeji wa uwanda ule walijilipia usalama wao kwa miguu, kwa maana maji yalikuwa chini mabondeni. Basi leo twataka kuwapeleka watu wa nchi yenye kiu mahali ambapo maji huanguka usiku na mchana.

Tukiondoka Lulindi twapita Masasi, twashuka pwani mpaka Dar es Salaam, kisha Morogoro na Mikumi, ndipo tuelekee kusini hata Kidatu. Upande wa kushoto ni mashamba ya miwa. Upande wa kulia imesimama milima ya Udzungwa, imevikwa msitu tangu chini hata juu. Jina hilo latokana na Wadzungwa, watu waliokaa mitelemkoni mwake. Karibu na kijiji cha Sanje, njia ya miguu hupanda msituni, na kabla ya kuyaona maji husikia ngurumo yake. Mto Sanje huanguka kwa ngazi tatu, na kimo chake chote ni mita 170, kama minazi sita mirefu iliyosimama mmoja juu ya mwenziwe. Chini pana ziwa dogo, na manyunyu hulowesha majani pande zote.

Je, maji hayo yatoka wapi? Pepo za Bahari ya Hindi huleta mawingu, milima huyazuia, na mvua hunyesha. Msitu huipokea mvua ile, huiweka ardhini, kisha huitoa kidogo kidogo. Mto Sanje huingia Kilombero, na Kilombero huingia Rufiji, hata maji yakarudi baharini yalikotoka.

Wageni wengi waliitazama milima hii bila kujua yaliyomo. Mwaka 1979 wataalamu wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walitambua humo kima ambaye hakuwa ameandikwa katika kitabu chochote cha elimu ya wanyama. Ana manyoya ya kijivu, hutembea sana chini, wala hapatikani duniani ila Udzungwa. Walakini kwa watu wa Sanje hakuwa mgeni hata kidogo. Walikuwa wakimjua siku zote. Leo kima huyo huitwa kwa jina la kijiji chao.

Mwaka 1992 serikali ya Tanzania iliifanya sehemu ya milima hiyo kuwa hifadhi ya taifa, yenye eneo la kilomita za mraba 1,990. Kwa miaka mingi wanawake wa vijiji vya jirani waliruhusiwa kuingia kwa siku maalumu kuokota kuni zilizokauka. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ilikoma. Msitu ulipata nafuu, bali mama mwenye chungu mekoni alipata taabu. Mgeni atazamaye maporomoko yafaa akumbuke kwamba uzuri ule umelindwa pia kwa kuni za watu wengine.

Nasi huku tuna la kujifunza. Mvua inyeshayo juu ya uwanda wa Makonde huzama mchangani, ikatokea katika chemchemi chini ya ukingo. Haina ngurumo, wala hakuna msafiri alipaye nauli kuja kuitazama. Lakini kazi yake ni ile ile ya Sanje. Basi enyi wanafunzi, mwendapo kuteka maji, waulizeni wazee wenu chemchemi ile imekauka mara ngapi, na ni miti gani iliyokuwa imesimama juu yake walipokuwa watoto. Yaandikeni majibu yao wangali hai.