Kutoka Kamukunji hadi Pango la Simba

Kabla hawajawa simba, walikuwa simbamarara. Mwaka 2001 kituo cha Nippon Television cha Japani kilianza kurusha kipindi ambamo mtu mwenye wazo na mfuko mtupu aliingia chumbani, akawakuta matajiri wamekaa safu moja na mabunda ya noti yako mezani, akataja kiasi anachotaka. Asipochangiwa chote, alitoka bila kitu. Kipindi hicho, Money no Tora, yaani Simbamarara wa Pesa, hakikudumu sana huko kwao, lakini muundo wake uliuzwa dunia nzima. BBC ya Uingereza iliwageuza simbamarara kuwa majoka mwaka 2005, ABC ya Marekani ikawafanya papa mwaka 2009, na Oktoba 2016 wakatua Nairobi wakiwa simba. Kituo cha NTV kiliwarusha hewani, benki ya KCB ikadhamini, na kipindi kikaitwa KCB Lion's Den.

Simba wenyewe watazamaji waliwafahamu au walifahamu bidhaa zao. Walikuwapo Wandia Gichuru wa maduka ya nguo ya Vivo, Myke Rabar wa kampuni ya burudani ya Homeboyz, Olive Gachara wa jarida la Couture Africa, na Kris Senanu aliyejenga jina katika biashara ya intaneti. Alikuwapo pia Darshan Chandaria, ambaye kampuni ya familia yake inatengeneza karatasi za chooni, kwa hiyo hakuna Mkenya wa mjini anayeweza kudai hajawahi kuwa mteja wake. Mgeni aliingia, akajieleza, akaulizwa swali lilelile la Tokyo na London: unataka pesa ngapi, na utatoa asilimia ngapi ya hisa?

Wakati wenyewe ulikuwa na kinaya chake. Agosti 2016 Rais Uhuru Kenyatta alitia saini sheria iliyozuia benki kutoza riba inayozidi kiwango cha Benki Kuu kwa zaidi ya asilimia 4. Nia ilikuwa kumwokoa mkopaji mdogo. Benki zilipopiga hesabu ziliona mkopaji mdogo hana faida kwa riba hiyo, zikaanza kuielekeza mikopo kwa serikali na kwa kampuni kubwa, na sheria hiyo haikuondolewa hadi Novemba 2019. Basi kwa miaka hiyo mitatu mlango wa mkopo ulikuwa umeegeshwa kwa wenye karakana na vibanda, huku runinga ikiwaonyesha mlango mwingine, wenye taa na kamera, ambao wangeweza kuupita watu wachache tu kwa msimu.

Ukitaka kuelewa ni nani hasa aliitwa kupitia mlango huo, ifuate Waiyaki Way kutoka Westlands. Upande huu kuna minara ya vioo wanamokaa wawekezaji, mawakili na wahasibu, kisha makao makuu ya Safaricom, kampuni ambayo mwaka huohuo wa 2016 ilianzisha Blaze kwa ajili ya vijana na baadaye ikaleta shindano lake la runinga la kuwapima wajasiriamali chipukizi. Songa mbele kilomita chache, bado uko katika eneo bunge lilelile la Westlands, na unaingia Kangemi, ambako geti, kitanda cha chuma au mashine ya kukaangia chipsi huundwa kando ya barabara kwa vipimo vya mteja aliyesimama papo hapo. Gigiri nayo iko katika eneo bunge hilo, na ndiko Barack Obama alikouhutubia mkutano wa dunia wa wajasiriamali Julai 2015, katika ofisi za Umoja wa Mataifa. Mwaka ule neno ujasiriamali lilisikika Nairobi kuliko neno mvua.

Lakini ufundi wa kubuni jijini humu ni wa zamani kuliko maneno yote hayo, na kwa sehemu kubwa uliishi bila kamera. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya iliyowashangaza wengi kwa kusema kwamba watu ambao serikali ilikuwa ikiwafukuza mijini, mafundi na wachuuzi wasio na leseni, walikuwa wakifanya kazi yenye tija halisi. Ilichukua miaka 13 zaidi kabla ya Rais Daniel arap Moi kufika Kamukunji mwaka 1985, akawakuta wahunzi wakigonga mabati juani, na kuahidi kuwajengea vibanda. Jina la jua kali, lililokuwa likitamkwa kwa dharau, likaingia katika sera za serikali.

Pale Kamukunji na Shauri Moyo, miaka michache kabla ya ziara hiyo, ndipo kilipopita kifaa ambacho mimi nakiona kuwa uvumbuzi uliofaulu kuliko wote wa Nairobi. Max Kinyanjui alikuwa ameona majiko ya udongo ya Thailand. Kwa kushirikiana na shirika la KENGO na mradi wa nishati uliofadhiliwa na Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980 wazo hilo likaletwa kwa wahunzi ambao tayari walikuwa wakitengeneza jiko la kawaida la makaa. Kilichotoka kinajulikana jikoni kote Afrika Mashariki: ganda la bati lenye kiuno chembamba, ndani yake kikombe cha udongo wa kuchoma kilichogandishwa kwa saruji na kutobolewa matundu ya kudondosha jivu. Bati lilikatwa kutoka kwenye mapipa ya mafuta na mabodi ya magari yaliyokufa, likapindwa kwa nyundo juu ya kipande cha reli. Kiuno hakikuwa pambo. Ndicho kinachokishikilia kikombe kisishuke, na sehemu pana ya chini inalizuia jiko lisipinduke mama anaposonga ugali.

Jiko hilo lilipunguza matumizi ya makaa kwa kati ya asilimia 30 na 50, na likasambaa hadi Uganda, Tanzania, Rwanda na Ethiopia. Halikuwa na hataza. Kila mhunzi aliyeliona alilifungua, akalipima kwa kamba, akatengeneza lake. Baadhi ya nakala zilikuwa mbovu, vikombe vikapasuka wiki ya kwanza, na wanunuzi wakajifunza kugonga udongo kwa kidole na kusikiliza mlio kabla ya kulipa. Fikiria sasa mtu anaingia kwa simba na jiko hili. Nani ana haki nalo? Hakuna. Jirani yako akiliiga kuna la kumfanya? Hakuna. Angetolewa nje kabla hajaliwasha. Wala simba wasingekuwa wamekosea hesabu: mwekezaji hununua kile kinachoweza kumilikiwa, na jiko lilisambaa kwa sababu halikumilikiwa na mtu.

Zamani mwekezaji pekee mwenye ubavu alikuwa serikali, nayo ilipenda vitu vikubwa. Mwaka 1986 Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. Februari 1990, uwanjani Kasarani, Nyayo Pioneer lilionyeshwa kwa taifa. Magari matano ya majaribio yalikuwa yameundwa, na yaliweza kufika kasi ya kilomita 120 kwa saa. Fedha za kiwanda hazikupatikana. KBC, shirika la utangazaji la taifa, ilikuwa bado runinga ya pekee nchini, kwa hiyo kila mwenye seti aliliona, na hakuna aliyeweza kulinunua.

Vituo vya binafsi vilipokuja, KTN mwaka 1990 na Nation TV, ndiyo NTV, mwishoni mwa 1999, mvumbuzi alipata nafasi yake ya kudumu: dakika mbili mwishoni mwa taarifa ya habari, baada ya michezo. Hiyo ni fani ya utangazaji inayostahili kuandikiwa historia yake. Kijana wa kijijini amejenga redio au mtambo wa umeme wa mto, mtangazaji anatabasamu, jirani anasifu, na mwisho kijana anamwomba mhisani yeyote ajitokeze. Namba ya simu inapita chini ya kioo. Ukiiangalia vizuri, Lion's Den ni taarifa hiyohiyo iliyorefushwa, isipokuwa mhisani sasa ana jina, ana kiti na ana masharti.

Aliyefanikiwa kutoroka fani hiyo ni Richard Turere, mtoto wa Kimasai kutoka upande wa Kitengela, pembeni mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Simba, hawa wa manyoya, walikuwa wakiingia zizini kwa baba yake. Akiwa na miaka 11 aligundua kwamba simba huogopa taa inayotembea, akaunganisha betri kuukuu ya gari, kidude cha indiketa ya pikipiki na balbu za tochi mbovu, na taa zikawa zinawaka na kuzima kwa zamu kana kwamba kuna mtu anazunguka zizi. Betri ilichajiwa kwa paneli ya jua. Mwaka 2013 alisimama kwenye jukwaa la mihadhara la TED, California, akiwa na miaka 13, baada ya kupata nafasi ya kusoma bure katika shule ya Brookhouse. Majirani zake walikwisha kumwomba awafungie taa kama hizo, naye akawafungia.

Miaka hiyohiyo Nairobi iliingia katika wimbi la dunia la watu wanaounda vitu kwa mapenzi yao. Mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata karakana ya kisasa ya aina ya Fab Lab, yenye mashine za kukata na kuchonga zinazoongozwa na kompyuta, chini ya Dkt. Kamau Gachigi. Mwaka huohuo wanafunzi wawili wa uhandisi chuoni hapo, Jeremiah Murimi na Pascal Katana, walionyesha chaja ya simu inayoendeshwa kwa dainamo ya baiskeli. Bei ilikuwa shilingi 350, na vipuri vingi walivitoa kwenye redio na televisheni zilizoharibika. Machi 2010 iHub, kituo cha wabunifu wa teknolojia, ikafunguliwa Ngong Road. Agosti mwaka huo, mwezi uleule katiba mpya ilipotangazwa Uhuru Park, maonyesho ya Maker Faire Africa yaliyokuwa yameanzia Accra yakafanyika Chuo Kikuu cha Nairobi, ng'ambo tu ya barabara. Chuoni hapohapo, upande wa Chiromo, mlangoni mwa Westlands, C4DLab ikaanza kuwalea wabunifu wa programu mwaka 2013.

Wimbi hilo lilikuwa na njia yake ya kutafuta pesa. Watu wa Ushahidi, shirika la programu la Nairobi, walipobuni BRCK, kisanduku cha intaneti chenye betri kinachoendelea kufanya kazi umeme ukikatika, hawakwenda mbele ya tajiri. Mwaka 2013 waliuweka mradi kwenye Kickstarter, tovuti ya kuchangisha pesa, na watu wa kawaida, wengi wao wa nje, wakachanga zaidi ya dola 170,000. Gachigi naye aliiacha karakana ya chuo akaanzisha Gearbox, mahali ambapo mtu hulipa ada na kutumia mashine asizoweza kununua, na baadaye ikahamia Industrial Area. Roy Ombatti, aliyepitia Fab Lab akiwa mwanafunzi, alianza kuunda printa za 3D kutokana na taka za kielektroniki.

Hapa ndipo runinga na karakana zilipoachana. Mtu wa karakana anahitaji mashine, muda, na ruhusa ya kuharibu vipande kumi kabla ya kimoja kusimama. Kipindi kinahitaji uamuzi kabla ya tangazo la biashara. Wengi walioingia kwa simba walikuja na chakula, mavazi au huduma, vitu vinavyoeleweka kwa dakika chache na ambavyo tayari vina wateja. Fundi wa Kangemi anayeendesha kazi kwa jina lake na kwa M-Pesa hana hisa za kugawa, ingawa tangu Sheria ya Kampuni ya 2015 mtu mmoja anaweza kusajili kampuni peke yake. Na kupeana mikono mbele ya kamera si mkataba. Baada yake kuna ukaguzi wa vitabu, na jarida la Forbes lilipowafuatilia walioshiriki kipindi cha papa huko Marekani liligundua kwamba walio wengi hawakupata makubaliano yaleyale yaliyoonekana hewani.

Kuna waliojaribu kuupanga mchezo huu vingine. Tangu 2009 Qatar Foundation imekuwa ikiandaa Stars of Science mjini Doha, ambako wavumbuzi wa Kiarabu hujenga vifaa vyao maabarani huku kamera ikiwaka, na kushindwa kwa kifaa ni sehemu ya kipindi. Nchini Tanzania, shirika la Femina Hip lilirusha Ruka Juu mwaka 2011, likishindanisha vijana sita wenye biashara ndogo. Watafiti waliwafuatilia wanafunzi wa sekondari waliohimizwa kukitazama na kukuta hamu ya biashara imepanda, wengine wakiianza kweli, lakini masomo yao yalidhoofika. Sijaona kituo cha Kenya kikilijadili jambo hilo.

Jiko nalo limepata mwekezaji, hatimaye. Mwaka 2014 kampuni ya BURN, iliyoanzishwa na Peter Scott, ilifungua kiwanda Ruiru kwa mkopo kutoka Marekani, na Jikokoa yake ya kisasa inauzwa kwenye maduka makubwa na kwa malipo ya polepole. Ni jiko zuri, linatumia makaa machache zaidi, na bei yake ni maelfu ya shilingi. Lile la kiuno bado linagongwa Kamukunji, linauzwa kwa mamia, na anayetaka kuanza kulitengeneza anahitaji bati, nyundo na mtu wa kumfinyangia vikombe.