Huế ilianza kuporwa 1885, si 1968

Mgeni anayezuru Huế, mji mkuu wa zamani wa Vietnam, huelezwa jambo moja kila aingiapo katika jumba la kale: kwamba mali za wafalme ziliteketea katika vita vya Tết (mwaka mpya wa Kivietnam) vya mwaka 1968. Vitabu vya watalii vinalirudia, na waongozaji wengi wanalisema wakiwa wamesimama juu ya msingi mtupu wa kasri lisilokuwepo tena. Dai hilo lina ukweli ndani yake, lakini limekatwa kichwa. Anayeliamini lilivyo ataingia makumbusho ya Huế na kutoka bila kujua anachokitazama.

Historia ya mji wenyewe inajulikana. Gia Long alianzisha utawala wa ukoo wa Nguyễn mwaka 1802, ngome ikaanza kujengwa 1804, na mwaka 1993 UNESCO ikaitambua Huế kuwa urithi wa dunia. Mapigano ya 1968 yalidumu karibu mwezi mzima, na mizinga na mabomu yaliangusha mengi. Hata hivyo, kasri la Cần Chánh, alimofanyia mfalme shughuli zake za kila siku, lilikuwa limeshateketea tangu 1947, katika vita dhidi ya Wafaransa. Jirani yake Kiến Trung liliangamia mwaka huohuo. Na miaka mingi kabla ya moto huo, hazina ya wafalme ilikuwa imekwishachukuliwa.

Ushahidi haujafichwa. Kuanzia 1914 hadi 1944 jumuiya ya Marafiki wa Huế ya Kale, iliyoanzishwa na padri Léopold Cadière, ilichapisha jarida la Kifaransa ambalo leo watu hulifungua kutafuta picha za vyombo na mapambo tu. Katika toleo la 1920 padri Delvaux aliandika kwa kirefu juu ya kutekwa kwa Huế tarehe 5 Julai 1885. Mwaka 2014 mwanahistoria Mfaransa François Thierry alitoa kitabu kizima kuhusu hazina ya Huế na mahali ilikokwenda. Maandishi haya mawili yanatosha kubadili jinsi ya kutembelea mji huu.

Tukio lenyewe lilikuwa hivi. Jenerali Mfaransa de Courcy alifika Huế mwaka 1885 akidai aingie kasrini pamoja na askari wake wote kwa kupitia mlango wa katikati wa lango la Ngọ Môn, mlango ambao ulikuwa wa mfalme peke yake. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Julai, Tôn Thất Thuyết, mmoja wa waliotawala kwa niaba ya mfalme mdogo, mwenye mamlaka juu ya jeshi, aliwashambulia Wafaransa katika kambi yao ya Mang Cá na kwenye makao ya mwakilishi wao ng'ambo ya mto. Shambulio lilishindwa. Kulipopambazuka Wafaransa waliingia ndani ya ngome, raia wakakimbilia malangoni kwa maelfu, na zaidi ya watu elfu moja wakapoteza maisha. Mfalme Hàm Nghi, kijana wa miaka kumi na mitatu au minne, alitoroshewa milimani. Baada ya hapo ndipo uporaji ulipoanza. Dhahabu, fedha, vito na vyombo vya ibada vilitolewa kasrini. Nyaraka na vitabu vikateketea. Sehemu kubwa ya dhahabu na fedha ilisafirishwa hadi Paris, ikayeyushwa katika kiwanda cha serikali cha kufua sarafu.

Waandishi wa kikoloni waliliita shambulio la Thuyết kuwa ni hila, na uporaji wakauhesabu kuwa adhabu iliyostahili. Hoja hiyo haina haja ya kujadiliwa tena: hakuna sheria ya vita iliyompa askari haki ya kukomba madhabahu ya mababu wa mtu. Inayostahili kusikilizwa ni hoja ya wanahistoria wa Vietnam wanaomlaumu Thuyết mwenyewe. Wanakumbusha kwamba kati ya 1883 na 1884 wafalme watatu waliondolewa au kufa akiwa yeye na mwenzake Nguyễn Văn Tường ndio wenye nguvu, na kwamba alishambulia usiku bila maandalizi ya kutosha. Lawama hizo ni nzito na sioni njia ya kumsafisha nazo. Lakini kosa la jemadari haliwezi kuhamishia kwake wizi uliofanywa na mshindi.

Watu wa Huế hawakuhitaji mwanahistoria wa kuwakumbusha. Kila tarehe 23 ya mwezi wa tano katika kalenda ya mwezi mwandamo, familia huweka meza mbele ya nyumba zao na kutoa sadaka kwa roho za waliokufa siku ile: uji wa mchele, chumvi, nafaka zilizokaangwa, na maji kwa wenye kiu. Moto nao huwashwa, ili roho za waliozama majini zipate kuota. Kumbukumbu hiyo imeendelea mitaani kizazi baada ya kizazi.

Ukiwa na tarehe hiyo kichwani, ingia sasa Makumbusho ya Vitu vya Kale vya Kifalme, yaliyofunguliwa 1923 enzi ya mfalme Khải Định. Jumba lenyewe, Long An, lilijengwa 1845 na mfalme Thiệu Trị mahali pengine, ndani ya kasri la Bảo Định. Baada ya anguko la 1885 lilibomolewa, na mwaka 1909 likasimamishwa upya hapa lilipo. Lina nguzo 128 za mbao ngumu. Inua macho utazame mbao zake: shairi la Thiệu Trị limepachikwa humo kwa vipande vya kombe ling'aalo, maneno 56 yaliyopangwa kwa duara, na wataalamu wanasema linaweza kusomwa kwa njia 64. Simama hapo kabla ya kukimbilia makabati ya kauri na mavazi. Kitu cha thamani kuliko vyote katika makumbusho haya ni jengo lenyewe, nalo ni manusura wa 1885.

Vingine vinarudi kidogo kidogo. Gari la kuvutwa na mtu ambalo mfalme Thành Thái alimpa mama yake lilinunuliwa mnadani Tours, Ufaransa, mwaka 2014, na likafika Huế 2015. Muhuri wa dhahabu wa mfalme Minh Mạng wa mwaka 1823, ambao mfalme wa mwisho, Bảo Đại, aliukabidhi kwa serikali ya mapinduzi Agosti 1945, ulionekana mnadani Paris 2022. Ulirejeshwa Vietnam 2023, lakini uko katika makumbusho ya mtu binafsi huko Bắc Ninh. Mahali pake ni Huế.

Watu nao walichukuliwa. Hàm Nghi alikamatwa 1888 akapelekwa Algiers, akawa mchoraji wa mandhari: miti, vilima, machweo, mara nyingi bila mtu hata mmoja. Alifia huko 1944. Machi 2025 michoro yake ilionyeshwa ndani ya Kiến Trung, kasri lililojengwa upya na kufunguliwa 2024. Mfalme Duy Tân, aliyepelekwa Réunion mwaka 1916, alikufa kwa ajali ya ndege Desemba 1945 katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mabaki yake yalizikwa Huế 1987. Anayekumbuka jinsi wafalme Kabalega na Mwanga wa Uganda walivyopelekwa Shelisheli atautambua mtindo huo mara moja.

Lakini si kila kilichorudi kiliondolewa kwa nguvu, ndiyo maana majumba mawili ya sanaa katika mtaa wa Lê Lợi, kando ya mto Hương, yasipitwe. La Điềm Phùng Thị, daktari wa meno aliyegeuka mchongaji huko Ufaransa na kujenga kazi zake kwa maumbo saba ya msingi, lilifunguliwa 1994. La msanii Lê Bá Đảng, 2006. Wote wawili waliishi ughaibuni na wakarudisha kazi zao wenyewe, kwa hiari.

Ombi langu kwa wasimamizi wa makumbusho ya Huế ni hili: andikeni mwaka 1885 katika chumba cha kwanza, na kando ya kila kitu elezeni kiliondoka lini, kwa mkono wa nani, na kimerudije. Nawe msomaji, ukifika huko usiridhike na jibu la 1968. Uliza kilichokuwepo kabla yake.