Marafiki Waliofagia Nyumba Yao Kwanza

Leo tutatazama habari za watu wachache wa Marekani waitwao Wakweka, na jinsi walivyosaidia kuukomesha utumwa katika nchi yao. Huenda mmoja wenu akauliza: watu wa mbali hivyo watuhusu nini sisi wa Mara? Swali hilo ni la haki. Basi tuanze na jambo lililo karibu.

Wengi wenu mwaijua hospitali ya Shirati. Mwaka 1934 wamisionari wa Kanisa la Mennonite walifika Shirati, kisha wakafungua kazi Bukiroba, karibu na Musoma, na Mugango. Mwaka 1967 kanisa hilo lilipata askofu wake wa kwanza Mwafrika, Zedekia Kisare. Wamisionari wale walitoka Lancaster, katika jimbo la Pennsylvania. Lakini asili ya Wamennonite ni Ulaya. Walifikaje Pennsylvania? Walikaribishwa na Mkweka.

Jina lake aliitwa William Penn. Mwaka 1681 Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza alimpa ardhi kubwa Marekani, kwa kulipa deni alilokuwa akidaiwa na baba yake Penn. Penn alitangaza kwamba katika nchi hiyo kila amwaminiye Mungu ataabudu kama dhamiri yake imwambiavyo. Wamennonite walikuwa wakiteswa Ulaya kwa sababu walikataa kuwabatiza watoto wachanga na walikataa kushika silaha. Waliposikia habari ile, wengi wakavuka bahari. Kwa hiyo mbegu iliyopandwa Shirati ilikuwa imetunzwa kwanza katika shamba la Wakweka.

Sasa, Wakweka ni watu gani? Wao wenyewe hujiita Jamii ya Marafiki. Walianza Uingereza katikati ya karne ya 17, wakiongozwa na mhubiri George Fox. Jina la Wakweka walipewa kwa dhihaka. Maana yake ni watu wenye kutetemeka. Walifundisha kwamba nuru ya Mungu imo ndani ya kila mtu, mwanamume na mwanamke, tajiri na maskini. Kwa hiyo hawakuwavulia wakubwa kofia, hawakula kiapo mahakamani, wala hawakwenda vitani. Katika ibada zao waliketi kimya mpaka mmoja wao aone ana neno la kusema.

Mikutano yao ya mashauri nayo haikupiga kura. Walizungumza na kunyamaza, wakazungumza tena, hata wakawa na shauri moja. Sisi hatuwezi kulishangaa jambo hili. Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Butiama, aliandika kwamba wazee wetu waliketi na kuzungumza mpaka wakapatana. Desturi hiyo ina uzuri wake, lakini pia ina hatari yake, nayo tutaiona sasa hivi.

Watu waliosema kwamba nuru ya Mungu imo ndani ya kila mtu walikuwa na watumwa. Naam, Penn mwenyewe alikuwa nao. Mwaka 1688 watu wanne wa mji mdogo wa Germantown, karibu na Philadelphia, waliandika barua kwa mkutano wao. Waliuliza neno jepesi: je, nani miongoni mwetu angependa kukamatwa na kuuzwa? Na ikiwa hatupendi kutendewa hivyo, kwa nini tunawatendea wengine? Mkutano wa kwanza ulisema shauri hili ni zito mno, ukalipeleka mbele. Wa pili ukafanya vivyo hivyo. Mkutano Mkuu wa Mwaka ukaiweka barua kando. Wakubwa wengi wa mikutano ile walikuwa wenye watumwa, nao wakingoja shauri moja, shauri halikupatikana.

Miaka 50 ikapita. Ndipo akatokea Benjamin Lay, mtu mfupi, mwenye kibiongo, aliyekuwa ameuona ukatili wa utumwa katika kisiwa cha Barbados. Mwaka 1738 aliingia katika Mkutano wa Mwaka huko Burlington, amevaa joho juu ya koti la askari na upanga, na mkononi ameshika kitabu. Ndani ya kitabu alificha kibofu kilichojaa maji mekundu ya matunda. Akasimama, akawaambia wenye watumwa kwamba kazi yao ni sawa na kuua, akavua joho, akakichoma kitabu kwa upanga. Maji yale mekundu kama damu yakawarukia waliokuwa karibu. Wakamtoa nje. Hata uanachama wake wakaukataa.

Mwingine alikwenda kwa njia nyingine. John Woolman wa New Jersey alikuwa kijana katika duka alipoamriwa na tajiri wake aandike hati ya kumwuza mwanamke mtumwa. Akaiandika, lakini moyo ukamsuta. Tangu hapo akakata shauri asiandike tena hati za namna ile. Akasafiri miaka mingi, nyumba kwa nyumba, akizungumza na wenye watumwa kwa sauti ya upole. Akilala katika nyumba yenye watumwa, aliwalipa fedha kwa kazi waliyomtumikia, ili mwenyeji aone. Hata nguo za rangi akaziacha, kwa sababu watumwa walitumika katika kutengeneza rangi hiyo.

Mwaka 1758 Mkutano wa Mwaka wa Philadelphia uliamua kwamba Mkweka anunuaye au auzaye watumwa asipewe tena kazi ya uongozi. Benjamin Lay alipata habari hiyo akiwa mzee. Mwaka uliofuata akafariki. Mwaka 1776 mkutano uleule ukaamua kwamba asiyetaka kuwaacha huru watumwa wake si mwenzao tena. Hesabuni, ndugu zangu: tangu barua ya Germantown mpaka siku hiyo ni miaka 88.

Walipokwisha kuisafisha nyumba yao, ndipo sauti yao ilipopata nguvu nje. Mwaka 1780 Pennsylvania ilitunga sheria ya kuukomesha utumwa polepole. Baadaye Wakweka wengi waliwaficha watumwa waliotoroka kutoka majimbo ya kusini, wakiwapeleka usiku kutoka nyumba moja hadi nyingine. Thomas Garrett wa Delaware aliwasaidia zaidi ya watu 2,000; mwaka 1848 mahakama ikamtoza faini kubwa, naye akaendelea. Lakini tusikosee katika kugawa sifa. Aliyejihatarisha zaidi ni yule mtoro mwenyewe. Harriet Tubman, aliyezaliwa mtumwa, alijikomboa, kisha akarudi kusini mara nyingi kuwatoa wengine. Garrett alifungua mlango. Tubman ndiye aliyewaongoza watu mpaka mlangoni.

Kazi hii ilizaa nyingine. Lucretia Mott, Mkweka, alikwenda London mwaka 1840 katika mkutano mkubwa wa kupinga utumwa. Akaambiwa kwamba wanawake hawatapewa nafasi ya wajumbe. Mwaka 1848 yeye na wenzake waliitisha mkutano wa haki za wanawake huko Seneca Falls. Mwaka 1920 katiba ya Marekani ikakataza kumnyima mtu kura kwa sababu ni mwanamke. Alice Paul, aliyelelewa katika nyumba ya Wakweka, alikuwa mstari wa mbele.

Walikosea pia. Katika mikutano yao mingi watu weusi waliketishwa kwenye benchi la peke yao. Na gereza kubwa la Philadelphia, lililofunguliwa mwaka 1829 kwa kufuata mawazo yao, lilimfungia kila mfungwa peke yake ili atubu kimya kimya. Upweke ule uliharibu akili za wengi. Nia njema peke yake haikutosha kumwepusha mtu na ubaya.

Habari hizi zilifika hata huku Afrika ya Mashariki. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani wa Unguja, chini ya ulinzi wa Waingereza, alitoa amri kwamba mahakama zisiutambue tena utumwa. Mwaka huohuo Marafiki wa Uingereza walikwenda Pemba, wakapata shamba la mikarafuu mahali paitwapo Banani, ili waliotoka utumwani wafanye kazi kwa mshahara na wapate shule. Lakini amri ile ilikuwa na upungufu: mtumwa alipaswa aende mwenyewe kuomba uhuru wake, na masuria waliachwa nje mpaka mwaka 1909. Huku bara, sheria ya kuufuta utumwa ilikuja mwaka 1922. Na mwaka 1902 vijana watatu Wakweka kutoka Marekani, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya. Hapo pakawa na kanisa, shule, hospitali na kiwanda cha kupasua mbao. Siku hizi Kenya ina Wakweka wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani.

Haya yote yatufundishe nini? Kwanza, anayetaka kuwarekebisha wengine na aanze kwake. Pili, ni hesabu ile ya miaka 88. Kwa wenye watumwa, miaka hiyo ilikuwa ya kufikiri na kupatana. Kwa mtumwa ilikuwa maisha yake yote. Wengi walizaliwa, wakatumika na kuzikwa kabla mkutano haujapata shauri moja.

Hapa kwetu Mara tunalo shauri la namna hiyo, nanyi mwalijua. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo, mwezi wa Desemba ukikaribia, wako wasichana wanaotoroka usiku kwenda kwenye nyumba salama, kama watoro wale wa Marekani. Kuzungumza na wazee nyumba kwa nyumba, kwa upole wa Woolman, ni kazi ya lazima, maana mila haiondoki kwa kutukanwa. Lakini msichana wa Desemba hii hawezi kungoja mpaka wazee wote wapatane. Yeye anahitaji mlango ulio wazi leo. Wale waliofanya kazi kwa uaminifu zaidi walifanya yote mawili kwa wakati mmoja: walizungumza na mwenye nyumba mchana, na usiku walimfungulia aliyebisha hodi.

Sasa, viongozi wa vikundi, ongozeni mazungumzo kwa maswali haya. La kwanza: kwa nini mkutano wa mwaka 1688 uliiweka barua kando, na je, katika vikao vyetu jambo kama hilo hutokea? La pili: kati ya Lay na Woolman, nani alifanya zaidi, na je, mmoja angeweza kufaulu bila mwingine? La tatu: ni neno gani tunalotaka majirani waliache, nasi wenyewe bado tunalo nyumbani?

Msiogope kulikawia swali la tatu. Kwaherini, ndugu wasikilizaji.